Mashua ya tanga imezeeka: nianze na mbao ao na moteri?

Wandugu, salamu kutoka Bukavu. Naomba ushauri.

Nimenunua mashua ya mbao ya tanga, mita 6 hivi, kwa familia ya mzee aliyefariki. Ilikaa miaka mingi chini ya mti wa avoka bila kufunikwa, imejaa majani na maji ya mvua. Kwa nje rangi inapendeza. Lakini nilichukua kisu nikachoma mataruma (mbavu za ndani za mashua) moja moja: karibu na tezi (sehemu ya nyuma), pale maji yalipotuama, kisu kiliingia mpaka kwenye mpini kama ndani ya ndizi iliyoiva. Matatu yako hivyo. Mkuku (uti wa chini wa mashua) bado mgumu, namshukuru Mungu. Misumari ya chuma ina kutu, kila mmoja umezungukwa na doa jeusi.

Tanga lina matundu mawili, hilo nitashona mwenyewe.

Nina dola 400 tu. Shemeji anasema niuze mlingoti, nifunge moteri, nibebe watu wa kisiwa cha Idjwi. (Yeye hajawahi hata kupiga kasia.) Mimi naogopa: mtikisiko wa moteri kwenye tezi iliyooza si utaachanisha mbao?

Taruma lililooza ni lazima kulitoa, ao inatosha kufunga jipya kando yake? Misumari nibadilishe yote? Fundi mmoja ananipa mbao za mkalitusi, nami nauona unapasuka ukikauka. Tena mbao za ubavuni zimeachana kwa ukavu: nikiizamisha ziwani siku mbili zitavimba zijizibe, ao nikalafati kwanza, yaani nizibe nyufa mwenyewe?