Diwani aliahidi zahanati, barabara na maji, sasa kimya: tunambana wapi?

Mkulima wa Tandahimba
Wakuu, habari za kusini. Tuliongee hili bila uchama. Kampeni za 2025 huku Makondeni jukwaani walipita na mambo manne: maji, zahanati, barabara ya kwenda ghalani na bei nzuri ya korosho. Ukimuuliza diwani leo, "subirini bajeti". Ukimuuliza mbunge, "nimeshalifikisha serikalini". Je, aliyechaguliwa analazimika kusema hadharani ahadi imekwama wapi, au kunyamaza ni haki yake? Na kama analazimika, anabanwa kikao gani, kwa karatasi gani? Jibu la "tukutane 2030" silitaki.

Wakili wa Pembeni
Kisheria ahadi ya jukwaani si mkataba, huwezi kumpeleka mahakamani kwayo. Soma Katiba, Ibara ya 71: mbunge hupoteza kiti akihama chama, akikosa mikutano mitatu mfululizo ya Bunge bila ruhusa ya Spika, na mengine kadhaa. Kutotimiza ahadi hakumo. Wakenya wameandika kwenye Ibara ya 104 ya katiba yao kwamba wapiga kura wana haki ya kumwondoa mbunge kabla ya muda wake. Sisi hatuna kitu hicho. Kwa hiyo silaha ni vikao na maandishi.

Mzee wa Vikao
Mleta mada, hatua ya kwanza ni kujua fungu la kila ahadi linakaa kwa nani. Mnambana diwani kwa kitu ambacho hata saini yake haifiki.

Barabara za vijijini ziko TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Zile kubwa ni za TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, kama Mtwara–Newala–Masasi, kilomita 210. Maji ya vijijini ni RUWASA, wakala wa maji vijijini, tangu 2019. Bei ya korosho inatoka mnadani, na anayekuahidi bei akiwa jukwaani anakuuzia upepo. Zahanati ndiyo ya halmashauri, na hapo diwani hana pa kujificha.

Sasa sikilizeni ya zahanati, maana ndiko watu wanakoliwa. Mkiahidiwa "kujenga", ulizeni kujenga hadi wapi. Mchezo wenyewe ni huu: wananchi wanafyatua tofali, wanapandisha kuta mpaka lenta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), kisha wanasubiri serikali ipaue. Mvua za Desemba hadi Aprili zikipita mara mbili juu ya boma, yaani jengo lisiloisha, lisilo na bati, tofali za juu zinamomonyoka na lenta inaota nyufa. Makadirio ya zamani hayafai tena, fundi anaanza upya, na mchango wa wananchi umeyeyuka. Hata likipauliwa, bila usajili, watumishi na dawa za MSD (bohari ya dawa ya serikali) hilo ni ghala la popo. Kwa hiyo ahadi ya kuandikwa kwenye muhtasari ni *kufungua*, si kujenga: mganga mmoja yupo, muuguzi yupo, dawa zimefika, tarehe fulani.

Barabara nayo iko hivyo hivyo. Greda kupita mara moja siyo kutengeneza. Udongo wetu wa kichanga kwenye mteremko, bila mifereji na makalavati, unaondoka na masika moja. Kwenye maji, bomba kuonekana si maji kutoka. Maji ya chanzo cha Mitema, Kitangari, yanasukumwa kupanda mlima, kwa hiyo ulizeni pampu inafanya kazi saa ngapi kwa siku na bili ya umeme nani analipa.

Mwajuma wa Nachingwea
Nakubaliana na Mzee, naongeza kalenda. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Vipaumbele vinaibuliwa kijijini, vinapita Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani mwenyewe, baraza la madiwani linapitisha bajeti kwenye Januari na Februari, Bunge linakaa Aprili hadi Juni. Ahadi ya Oktoba 2025 inaingia kwa kawaida bajeti ya 2026/27. Kwa hiyo "subirini bajeti" ni jibu halali mara moja tu. Baada ya hapo ombeni ukurasa wa bajeti ambao kata yenu imeandikwa.

Na akisema halmashauri haina hela, pigeni hesabu. Ushuru wa korosho ni 3% ya bei. Tuseme kilo ni 3,000: hiyo ni shilingi 90 kwa kilo, 90,000 kwa tani. AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) iliyopitisha tani 400 imeiingizia halmashauri milioni 36. Si zote za kata yenu, zinagawanywa, na 10% ya mapato ya ndani ni mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Lakini "hakuna kabisa"? Hapana.

Kuchele
Mnazunguka tu. Kusema kunasaidia nini? Juni 2018 wabunge wa kusini walisimama bungeni kutetea fedha za ushuru wa korosho zinazosafirishwa nje, wakapaza sauti kweli, na marekebisho ya sheria ya kuzichukua yakapita vilevile. Anayesema sana anaonekana mkorofi kwenye chama chake.

Mzee wa Vikao
Kuchele, walishindwa kura, ila walichosema kipo kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge, na mpaka leo tunajua nani alisimama na nani alikaa. Ibara ya 100 inamkinga mbunge kwa analosema bungeni, asitutishe na chama. Halafu mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani pia. Asiishie Dodoma. Baraza hukaa kila robo mwaka, kila diwani analeta taarifa ya kata yake: nendeni mkasikilize kilichoandikwa kuhusu kata yenu. Mara nyingi ahadi haimo hata kwa mstari mmoja!

Mkulima wa Tandahimba
Shukrani wakuu. Na mwenyekiti wa kijiji asipoitisha mkutano mkuu? Huo wa kusoma mapato na matumizi haujaonekana kitambo.

Wakili wa Pembeni
Unatakiwa kila miezi mitatu. Andikeni barua kwa mtendaji wa kijiji, nakala kwa mtendaji wa kata na mkurugenzi, isainiwe na watu watano, na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mkikosa muhuri mtaambiwa barua haikufika. Kwa taarifa yenyewe tumieni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Mjibiwe ndani ya siku 30. Msiombe "taarifa za zahanati", mtapewa porojo. Andikeni hivi:

"Tunaomba nakala ya mapato na matumizi ya boma la zahanati ya kijiji chetu, 1 Julai 2025 hadi leo, ikionyesha kila fedha iliyopokelewa na tarehe yake, mifuko ya saruji na bati zilizonunuliwa na bei ya kila kimoja, michango ya wananchi, na salio lililopo benki."