Wauzaji wa mimea ya tangi Mombasa, konokono si bonasi!

Wadau wa samaki wa mapambo, salaam aleikum. Leo sijaja kwa upole.

Hebu nielezwe: mbona mtu akinunua mmea wa tangi hapa Mombasa lazima auziwe na konokono juu yake? Nimeagiza anubiasi na fungu la valisneria kwa muuzaji wa hapa hapa mjini, jina naliweka kapuni. Pesa akataka kwanza, nikatuma yote. Mimea ikaja na boda, imefungwa kwenye karatasi ya nailoni, na chini ya majani kumebandikwa mayai, vile viuteute vinavyong'aa, tena si kimoja. Nampigia simu, anacheka. "Hao ni bonasi, watakusafishia tangi." Bonasi! Nani alikuomba?

Asiyejua adha hii aelewe. Hawa konokono wadogo wenye gome jembamba wana dume na jike ndani ya mwili mmoja. Akiingia mmoja tu anaweza kujitungisha mwenyewe, na mayai kwenye maji ya joto huanguliwa kwa takriban wiki moja. Na Mombasa ni nani anayehangaika na hita? Maji yetu yana joto mwaka mzima. Ukiongeza maji ya kisima yaliyojaa chokaa, ambayo wengi wetu ndiyo tunayotumia mfereji ukikauka, konokono anapata cha kujengea gome lake bila taabu. Yaani mji mzima umewekwa tayari kwa ajili yao.

Halafu kuna wajuaji, na najua watafika hapa chini. "Unalisha samaki kupita kiasi." Wallahi neno hili linanichosha. Chakula kinachobaki kinawafanya wazidi, kweli, sibishi. Lakini konokono haoti kutoka kwenye chakula. Aliingia na mmea, na mmea ulitoka kwako. Chakula changu ni maneno ya baada ya hapo.

Mwingine atasema mwaga dawa ya shaba. Ndiyo, shaba inaua konokono. Inaua pia kamba wadogo, na inaganda kwenye changarawe ikangoja kamba wengine utakaowaleta baadaye. Na konokono mia wakifa kwa mpigo mmoja wakaozea ndani ya tangi, amonia inapanda, samaki wanafuata. Muuzaji wangu yeye alikuwa na ushauri mtamu zaidi: ninunue samaki wa kula konokono. Kutoka kwake, bila shaka! Akanitajia lochi wa mistari ya chungwa na nyeusi, samaki anayetaka kuishi na kundi la wenzake na anayeweza kufika sentimita 30. Tangi langu ni la lita 60. Kwanza ananiuzia ugonjwa, kisha ananiuzia dawa isiyoingia mlangoni.

Haki isemwe, konokono hawa kwa kawaida hawali jani zima lenye afya. Wanakula mwani na majani yaliyooza. Sikulalamika kwamba wamenimalizia mimea. Nalalamika kwa sababu sikuwachagua.

Na kuna jambo zito ambalo hakuna anayeligusa. Mmea uliolelewa kwenye karai la dukani ni kitu kimoja. Mmea uliong'olewa kwenye kijito au bwawa huko Kwale au Kilifi ni kitu kingine kabisa, maana huko kichocho si hadithi. Konokono anayebeba kichocho cha mkojo anaitwa Bulinus, na gome lake limejipinda kushoto, sawasawa na hawa wetu wa matangini. Mtu wa kawaida atawatofautishaje? Bulinus aliyeambukizwa anaweza kuendelea kutoa vijidudu kwa wiki kadhaa, na vijidudu hivyo hupenya kwenye ngozi nzima, haihitaji kidonda. Sisi mikono tunaitumbukiza mpaka kwenye kiwiko. Katika tangi ugonjwa hauwezi kuendelea kuzunguka, kwa sababu hakuna mtu anayekojoa mle, lakini anayeng'oa mmea mtoni na kuuza bila kusema anacheza na afya za watu. Muulizeni muuzaji mmea umetoka wapi. Akibabaika, uacheni.

Kazi ninayodai ni ndogo. Shabu (alum, ile ya kusafishia maji, si shaba) inauzwa kwenye duka lolote la dawa za kienyeji, bei yake ya kuchekesha. Vijiko 2 au 3 vya chakula kwa lita 4 za maji, mimea ilowe saa 2 au 3, isuuzwe. Mayai yanayoonekana yakwanguliwe kwa ukucha. Kisha mimea ikae wiki chache kwenye karai lisilo na samaki, ikaguliwe kabla ya kuuzwa. Anubiasi inavumilia hata jiki, sehemu 1 kwa maji sehemu 19, isipite dakika 2. Valisneria usiijaribu, itayeyuka. Kama kazi hiyo inaongeza gharama, ongeza bei, mimi nitalipa.

Kwa sasa nawatega kwa jani la sukuma lililochovywa kwenye maji ya moto. Nalizamisha usiku, alfajiri nalitoa limejaa wao. Wanapungua, lakini hawamaliziki.

Anayemjua muuzaji, kisiwani, Nyali, Likoni, popote, anayetenga mimea yake kabla ya kuuza au anayeuza ile iliyooteshwa maabara kwenye vikopo vya jeli, isiyo na konokono, aandike hapa chini. Na wewe wa bonasi, najua unausoma uzi huu. Nataka pesa za valisneria.