Babu anachora Vita vya Kagera, shangazi anataka kuzichoma picha. Naombeni ushauri

Wakuu, shikamooni wakubwa. Babu yangu ana miaka 74, alipigana Vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin. Miaka yote akiulizwa hujibu, "Tulienda, tukarudi." Tangu bibi afariki ameanza kuchora nyuma ya kalenda za zamani, kwa mkaa na biro ya bluu. Daraja la Kyaka likiwa limevunjika. Ng'ombe wanaswagwa kuelekea Uganda. Iliyojirudia zaidi ni barabara ya Lukaya, Machi 1979, walipokutana na Walibya waliokuja kumsaidia Amin: kinamasi pande zote, watu wamezama hadi kiunoni. Penye maji anakandamiza biro mpaka karatasi inatoboka.

Siku akichora, usiku halali. Shangazi anasema anaita wafu, amezificha picha na anataka kuzichoma. Nifanyeje?

Mama Wawili: Usikubali zichomwe! Baba yangu naye alikuwa huko, kafa na yake yote moyoni. Tumebaki na kofia tu. Ningepata hata kijikaratasi kimoja!

Nesi wa Zamu: Pole mwanangu. Kuchora hakujamletea hayo, ameishi nayo tangu 1979. Ila kama anashtuka usingizini au anatoka jasho, mpeleke kliniki ya afya ya akili, hayo yana tiba. Na usimuulize aliua wangapi. Kaa naye, uliza "hapa ni wapi?", kisha nyamaza.

Mchoraji Msasani: Mkaa unafutika, weka karatasi safi katikati ya picha na picha. Biro hupauka juani, usizitundike dirishani. Nyuma andika kwa penseli mahali na majina anayokutajia. Mnunulie hadibodi na rangi ya mafuta ya kopo, ndizo alizotumia Edward Tingatinga mwenyewe, mwanzilishi wa michoro ya Tingatinga. Zinadumu.

Mhaya wa Muleba: Mleteni Kaboya, walikozikwa wenzake. Siku ya Mashujaa, 25 Julai, ni siku nzuri, ila hata siku ya kawaida njooni. Shangazi naye aje.

Mleta uzi: Asanteni sana. Nimemsomea shangazi ujumbe wa Mama Wawili, akalia, akazitoa chini ya godoro. Jioni nikamuuliza babu, "Hapa ni wapi?" Akaweka kidole kwenye maji. "Lukaya. Huyu wa pili alikuwa amebeba redio. Aliniambia nitangulie." Kisha akaomba penseli, akaandika jina lake mwenyewe.