Kiti cha ofisi chenye magurudumu, kiti cha seremala au meza ya kusimamia: kipi kinamkinga mtu wa ofisini na maumivu ya kiuno?

Karani wa Forodha, Lubumbashi

Ndugu zangu, ninafanya kazi katika ofisi ya wakala wa forodha hapa mjini. Tuko wanne, na kutwa nzima tunaandaa hati za malori yanayosubiri kuvuka Kasumbalesa. Foleni ikirefuka mpakani, hakuna anayenyanyuka hadi jioni. Wenzangu wawili wameanza kuumwa kiuno, na mkubwa wetu amekubali kutoa fedha, ingawa hazitatosha kufanya kila kitu. Yamependekezwa mambo matatu: kununua viti vya ofisi vyenye magurudumu vilivyokwisha kutumika, kumpa seremala kazi ya kutengeneza viti vya mbao kwa vipimo vyetu, au kuinua meza ili tufanye kazi kwa kusimama. Ninaomba wenye ujuzi wavilinganishe kwa kutoa sababu, maana bei tayari tunazijua.

Mama wa Kampemba

Mdogo wangu, mimi ningechagua kiti cha magurudumu, mradi kiwe kizima. Mtu mfupi na mtu mrefu wanaweza kukitumia kwa zamu, kila mmoja akikipandisha au kukishusha kwa kimo chake, na egemeo lake huweza kulazwa nyuma kidogo. Hata hivyo, kiti kilichotumika hakinunuliwi kwa kutazamwa. Kikalieni hapo hapo dukani, tena akikalie aliye mzito kuliko wote, kwa kuwa silinda ya gesi inayokiinua kiti ikiwa imechoka humshusha mtu polepole bila yeye kujua, na baada ya saa moja magoti yamekuwa juu kuliko nyonga. Angalieni pia mahali pa kuwekea mikono: pakiwa juu kuliko ubao wa meza, kiti hakiingii chini ya meza, na mtu hujikuta ameketi ukingoni huku mgongo wake ukiwa mbali na egemeo alilolilipia.

Mtaalamu wa Viungo, Katuba

Kwa kuwa kazi yangu ni kuwatibu watu wenye maumivu ya mgongo, ningependa tuanze na kile kinachoumia. Kiuno kina pingili tano, na kati ya pingili na pingili kuna diski, yaani kitu kama mto laini, ambayo kwa mtu mzima karibu haina mishipa ya damu ndani yake. Virutubisho huifikia kwa kupenya kutoka tishu za jirani, na mwendo wa mwili husaidia kazi hiyo. Misuli nayo huchoka ikishikilia mkao mmoja kwa muda mrefu, hata mkao huo uwe mzuri namna gani.

Katika miaka ya 1960 daktari wa Uswidi, Alf Nachemson, alipima shinikizo ndani ya diski za watu walio hai, akakuta kwamba ni kubwa zaidi mtu anapoketi kuliko anaposimama, na tangu hapo kuketi kukapewa lawama zote. Lakini mwaka 1999 Hans-Joachim Wilke na wenzake huko Ujerumani walichapisha vipimo vilivyoonyesha kwamba tofauti hiyo ni ndogo, na kwamba aliyeegemea kitini akiwa ametulia alikuwa na shinikizo dogo kuliko aliyesimama. Ni kweli kwamba walimpima mtu mmoja tu, kwa hiyo matokeo hayo hayamalizi mjadala. Lakini yanatosha kunizuia nisiitangaze meza ya kusimamia kuwa dawa. Anayesimama saa nyingi huumwa miguu, na wengi kiuno chao hukaza vilevile. Faida ya meza hiyo ni moja: inamwezesha mtu kubadilisha mkao katikati ya kazi.

Tukizungumzia kinga yenyewe, uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la JAMA Internal Medicine ulikuta kwamba mazoezi yakiambatana na mafunzo yalipunguza hatari ya kupatwa na maumivu ya kiuno kwa takriban asilimia 45, na mazoezi peke yake kwa takriban asilimia 35, ilhali mikanda ya mgongo na soli maalumu za viatu havikuonyesha faida. Ninalitilia mkazo jambo hili kwa sababu nimeona ofisi zikitumia fedha zote kwenye samani, kisha watu wakaketi juu ya samani hizo saa tisa mfululizo. Kiti kinachomfaa mtu kinapunguza usumbufu, nacho kinafaa kununuliwa. Lakini hakuna kiti kinachofanya kazi ya mwili unaotembea.

Seremala wa mtaa wa Kenya, Lubumbashi

Ninakubaliana na mtaalamu, ila naomba kiti cha mbao nacho kitendewe haki. Hakipandi wala hakishuki, kwa hiyo ubora wake wote umo katika vipimo, na vipimo havichukuliwi kwa kukisia. Mtu anaketi, nyayo zikiwa zimekanyaga sakafu, akiwa amevaa viatu anavyovivaa kazini; ninapima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, na kikalio hakizidi hapo. Kina cha kikalio lazima kiache nafasi ya vidole vitatu hivi nyuma ya goti, kwa sababu kikalio kirefu mno humvuta mtu mbele na kumnyima egemeo. Kisha ninapima kiwiko: mtu akiwa amelegeza mabega, meza inatakiwa iwe karibu usawa wa kiwiko hicho. Meza nyingi za ofisi zina kimo cha sentimita 72 hadi 75, ambazo ni nyingi kwa mtu mfupi. Huyo tunampandishia kiti na kumtengenezea kibao cha kuwekea miguu.

Kuhusu egemeo, wateja wengi huniomba nilisimamishe wima kwa sababu wanaona ndivyo kiti cha heshima kinavyokuwa. Mimi hulilaza kidogo, nyuzi 100 hadi 110 kutoka kikalio, na kuweka sponji ngumu mahali kiuno kinapobonyea, juu kidogo ya mkanda wa suruali. Kiti cha namna hii kinamfaa mtu mmoja mwenye meza yake. Kama mnabadilishana viti, msikitengeneze.

Mfasiri wa Kamalondo

Nashangaa kwamba hakuna aliyetaja kompyuta zenyewe. Hapa kwetu, kwa kuwa umeme hukatika mara kwa mara, wengi tumeziacha kompyuta za mezani na kutumia za mpakato, ambazo betri yake inatuvusha saa kadhaa. Tatizo ni kwamba skrini na kibodi vimeungana: ukiweka kibodi mahali mikono inapotaka, skrini inakuwa chini, shingo inainama, mgongo wa juu unaifuata, na baada ya muda hata kiuno kimeliacha egemeo. Kiti kizuri hakiwezi kuliondoa tatizo hili. Ningeshauri sehemu ya fedha inunue kibodi na maus za pembeni, kisha kompyuta iinuliwe juu ya sanduku imara hadi ukingo wa juu wa skrini ulingane na macho, kwa umbali wa mkono ulionyooshwa. Kwa gharama hiyo ndogo sijaona kitu kinachosaidia zaidi.

Karani wa Forodha, Lubumbashi

Nawashukuru sana. Naomba kuongeza mawili. Mwenzetu mmoja anataka kuketi juu ya mpira mkubwa wa mazoezi, na mwingine anataka mkanda wa kiuno. Je, vina nafasi katika ulinganisho huu?

Mtaalamu wa Viungo, Katuba

Mpira ni mzuri kwa mazoezi, lakini hauna egemeo, na kwa saa nyingi za kuandika misuli ya mgongo huchoka bila mahali pa kupumzikia. Mkanda, kama nilivyotaja, haujaonyesha kuzuia maumivu kwa mtu mzima wa afya.

La muhimu zaidi ni wale wawili walioanza kuumwa. Maumivu mengi ya kiuno hupungua yenyewe katika majuma machache, na kulala kitandani siku nyingi huyarefusha. Waendelee kutembea kadiri wanavyoweza. Lakini mtu akihisi ganzi sehemu za siri au katikati ya mapaja, akishindwa kuzuia au kutoa haja, mguu ukipoteza nguvu, au maumivu yakiambatana na homa au kukonda bila sababu, asingoje kiti kipya. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mama wa Kampemba

Nami ningeongeza kwamba mnyanyuke kila nusu saa, ingawa jambo hilo ni rahisi kuandikwa hapa na ni vigumu kutendwa mbele ya mkubwa mwenye haraka. Panga ofisi ikulazimishe. Sisi tuliihamishia mashine ya kuchapisha kwenye kona ya mbali, na simu ndefu tunazipokea tukiwa tumesimama. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba, baridi inapotukunja sote mezani, tunatembea hadi lango la uwanja na kurudi kabla ya kufungua kompyuta. Hakuna aliyetulalamikia, kwa kuwa kazi haikupungua.

Karani wa Forodha, Lubumbashi

Basi nitampelekea mkubwa pendekezo hili: kibodi, maus na kiinuo cha skrini kwa wote wanne, viti viwili vya magurudumu vilivyokaguliwa, kwa meza ambazo watu hupokezana, viti viwili vya mbao kwa walio na meza zao, na kabati refu lililo karibu na dirisha tulitumie kusomea hati kwa kusimama, badala ya kununua meza mpya. Mashine ya kuchapisha nitaihamisha kesho. Fundi, ukipata nafasi Jumamosi asubuhi, njoo na futi yako. Nitawaambia wenzangu waje na viatu vya kazi.