Namba ya gari yenye alama 17: naomba msaada kabla sijalipa

Kutoka: mgeni wa Columbus, Ohio

Ndugu zangu, habari za huko mliko. Wakubwa wote, shikamooni.

Nina miezi minne hapa Columbus. Zamu ya ghalani inaanza saa kumi alfajiri, saa ambayo mabasi ya mtaani kwangu hayajatoka, kwa hiyo gari nalihitaji kweli. Nimepata Camry kwa mtu binafsi. Anasema ni ya 2017, anataka dola 7,800. Nilipomwomba karatasi akanitumia picha ya namba ndefu, herufi na tarakimu 17, akasema kila kitu kimo humo. Kwetu Mwanza nimezoea namba ya chasisi kwenye kadi ya gari, fupi, ina kistari katikati. Hii ndefu inasomwaje? Inaanza na 4T1, na ya kumi ni G. Keshokutwa anataka pesa taslimu.

Kutoka: dada yenu wa Houston

Marahaba mdogo wangu. Keshokutwa usilipe.

Namba hiyo ndefu wanaiita VIN, namba ya utambulisho wa gari. Hiyo G, alama ya kumi, ni mwaka wa modeli. Anza na A kuwa 2010, B 2011, C 2012, endelea hivyo hivyo: G ni 2016, H ni 2017. I wanairuka, J ikawa 2018. Herufi I, O na Q hutaziona popote katika namba hii kwa sababu zinachanganya watu na 1 na 0. Ukiiona mojawapo, ama imenakiliwa vibaya ama imetungwa. Huenda huyo bwana alilinunua gari lake mwaka 2017 kweli na hana nia mbaya, lakini bei inafuata modeli, na modeli ni 2016.

4T1 ni Toyota iliyoundwa hapahapa Marekani. Alama ya kwanza inataja nchi: 1, 4 na 5 ni Marekani, 2 Kanada, 3 Meksiko, J Japani, K Korea, W Ujerumani. Kuanzia ya nne hadi ya nane ni aina ya bodi, injini na mambo ya usalama. Ya kumi na moja ni kiwanda, na sita za mwisho ni namba ya gari lenyewe, isiyofanana na ya jirani yake.

Ya tisa nataka uielewe vizuri, maana wengi huiamini kupita kiasi. Ni ya kukagua. Kila herufi inapewa thamani, kila nafasi ina uzito wake, unazidisha, unajumlisha, unagawanya kwa 11. Kinachobaki ndicho kinachoandikwa pale, na kikibaki 10 wanaandika X. Ukikosea kuandika alama moja, mara nyingi hesabu inagoma. Lakini andika 1 mara kumi na saba: jumla inakuwa 89, ukigawanya kwa 11 inabaki 1, hesabu imekubali, na gari hakuna. Mwizi akichukua namba halali ya Camry nyingine akaibandika kwenye ya wizi, hesabu itakubali vilevile. Kwa hiyo picha ya namba haikutoshi hata kidogo.

Nayasema haya kwa uchungu. Mwaka 2018 nilinunua gari hapa Houston kwa dola 6,000, kwenye yadi moja. Hati ya umiliki ilikuwa safi, imetolewa jimbo jingine. Mwezi wa tatu baada ya kununua, taa zikaanza kuwaka zenyewe. Fundi aliponyanyua zulia akakuta tope kavu. Gari lilikuwa limezama kwenye mafuriko ya Harvey ya Agosti 2017, bima ikaliandika limekufa, yaani halifai kutengenezwa, kisha likapelekwa jimbo ambako hati mpya ilitoka bila maandishi hayo. Wenyeji wanaita kuosha hati. Historia yote ilikuwa imekaa kwenye namba, mimi sikuitafuta.

Sasa wewe nenda mchana, ukaisome kwenye gari lenyewe. Ipo chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, isome ukiwa nje. Ipo kwenye stika, ama ubavuni mwa mlango wa dereva ama kwenye nguzo yake. Kisha ilinganishe na hati halisi, siyo kivuli chake, alama kwa alama. Tazama ribiti za kile kibati cha namba kwenye dashibodi kama zimechokonolewa. Mwombe na kitambulisho: jina la kwenye hati ndilo la anayepokea pesa?

Ukishaipata kwa macho yako, iingize kwenye VINCheck, ukurasa wa mtandaoni wa NICB, taasisi ya kampuni za bima inayofuatilia wizi wa magari. Ni bure, itakuambia kama kampuni za bima wanachama wake zimeliripoti kuibwa bila kupatikana, au kufa. Halafu tovuti ya NHTSA, idara ya serikali ya usalama barabarani, bure pia, uone kama kuna marekebisho ambayo mtengenezaji anadaiwa. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata imeua watu, na kuibadilisha hulipi hata senti. Mwisho nunua ripoti ya NMVTIS, kumbukumbu ya taifa ya hati za magari, ni dola chache tu, uone hati za majimbo mbalimbali na maili zilizoandikwa.

Kutoka: kaka wa Leicester

Nyongeza kwa walio Uingereza: hesabu ya alama ya tisa na mwaka kwenye ya kumi ni sheria za Amerika Kaskazini. Watengenezaji wa Ulaya hawalazimiki kuzifuata, msije mkalikataa gari zima bure. Huku linganisha namba na ile ya kwenye V5C, hati ya usajili wa gari, kisha angalia historia ya MOT, ukaguzi wa gari wa kila mwaka, kwenye tovuti ya serikali kwa namba ya usajili. Maili zikipungua mwaka hadi mwaka, ondoka.

Kutoka: ndugu wa Nagoya, Japani

Ile fupi ya Mwanza ni ya magari yaliyoundwa kuuzwa Japani. Kabla ya kistari ni modeli, kwa mfano NZE141 ni Corolla. Baada yake ni mfuatano. Mwaka haumo. Ndugu wa Kenya wakituuliza kama gari limepita miaka 8, tunaangalia tarehe ya usajili wa kwanza kwenye cheti cha kusafirishia nje.

Kutoka: mgeni wa Columbus, Ohio

Dada, nimetoka huko sasa hivi. Ya kioo na ya hati zinafanana. Stika ya mlangoni imebanduliwa, imebaki gundi. Nikaingiza namba NICB nikiwa palepale: iliripotiwa kufa. Nilipomwonyesha akashusha hadi dola 5,000. Nimemuaga. Mwenzangu wa zamu atanichukua wiki hii nichangie mafuta. Kuna Corolla nyingine, inaanza na 2T1, ya kumi ni F.

Kutoka: dada yenu wa Houston

Kanada, 2015. Ukifika, nipigie kwa video. Anza na kioo, kisha mlango, hati iwe ya mwisho. Nitakuwa na kalamu.