Albamu za thrashi za miaka ya 80 zilizosahaulika: zirekodiwe upya au ziachwe zilivyo?

MLETA MADA: Wakuu, salaam. Ndugu wawili, Max na Igor Cavalera, wameamua kurekodi upya kazi zao za ujanani walipokuwa Sepultura, bendi ya thrashi, yaani metali ya kasi na hasira. Mwaka 2023 walitoa tena Bestial Devastation (1985) na Morbid Visions (1986), na 2024 ikafuata Schizophrenia (1987). Kuna wanaoshangilia kwamba nyimbo zile hatimaye zimepata studio ya maana. Mimi sishangilii.

Tukumbuke zilikotoka. Cogumelo lilikuwa duka la santuri mjini Belo Horizonte, Brazili, kabla halijageuka lebo, yaani kampuni ya kutoa muziki. Bestial Devastation lilipotoka pale, Sepultura walikuwa na upande mmoja tu wa santuri. Upande wa pili ulikuwa wa bendi ya Overdose. Max alikuwa na miaka 16, Igor 15. Ukija Morbid Visions unasikia magitaa hayajakaa sawa, na sauti ya Max ina mwangwi utadhani anaimba akiwa kisimani. Dramu zinakimbia mbele ya wenzao, halafu zinangojwa. Hofu yote ya albamu ile imo humo humo. Toleo jipya limepigwa vizuri mno, kila kitu kimefika kwa wakati, na mimi linanipita tu. Karibuni tujadili, matusi pembeni.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Mkuu, unausifia umaskini wa watu wengine. Vijana wale hawakuchagua sauti ile, walipata walichoweza kulipia. Na si Brazili tu. Chukua Darkness Descends ya Dark Angel, bendi ya Los Angeles, 1986. Gene Hoglan, aliyewahi kuwafanyia Slayer kazi ya taa jukwaani, anapiga dramu humo kwa kasi ambayo miaka ile wachache waliikaribia. Sasa vaa spika za masikioni uitafute miguu yake kwenye dramu kubwa za kukanyaga: gitaa limeifunika, unaikisia tu. Nani atakufa tukiisikia vizuri?

Jambo lingine mnalikwepa, hela. Mtoto wa miaka 16 akisaini mkataba, rekodi inaweza kubaki mali ya lebo maisha yake yote. Akiirekodi upya, ile mpya ni yake. Nyie mnalilia mwangwi, mwenzenu anatafuta haki yake.

MCHANGIAJI WA PILI: Hoja ya hela naiunga mkono. Ya sauti hapana, na ushahidi tunao wa zamani kuliko huu wa Cavalera. Exodus, bendi ya thrashi ya Marekani, walirekodi Bonded by Blood mwaka 1984 ikacheleweshwa hadi 1985. Wakati huo Metallica, waliomchukua mpiga gitaa Kirk Hammett kutoka Exodus 1983, walishatoa albamu mbili. Kwa maoni yangu kuchelewa kule ndiko kulikowaweka nje ya wale wanne wakubwa wa thrashi (Metallica, Slayer, Megadeth na Anthrax), wala si ubora. Basi 2008 wakairekodi upya kwa jina la Let There Be Blood. Gary Holt wa gitaa yumo, Tom Hunting wa dramu yumo, magitaa ni mazito na safi. Mwimbaji ni Rob Dukes, maana Paul Baloff alifariki 2002. Dukes anaimba vizuri kumshinda, na hapo ndipo inapoharibika! Baloff hakuwa mwimbaji wa kusifiwa koo. Alikuwa mtu anayekupigia kelele kama vile wewe ndiye uliyemkosea. Sijakutana na shabiki anayeanza na ile ya 2008.

MCHANGIAJI WA TATU: Andy Galeon, mpiga dramu wa bendi ya Death Angel, alikuwa na miaka 14 walipotengeneza The Ultra-Violence. Arekodi upya na magoti ya sasa? Tuache utani.

MLETA MADA: Ndugu yangu wa kwanza, umechanganya mambo mawili. Kuchukua mikanda ya asili na kupanga sauti upya ili miguu ya Hoglan isikike, hilo sina ugomvi nalo, mikanda ikiwepo na haijaoza. Pigo ni lile lile alilopiga 1986. Kurekodi upya ni kumwambia mtu wa miaka 50 na ushee aigize hasira ya kijana.

Na haki unayoitaja ina upande wa pili. Andreas Kisser aliingia Sepultura 1987, na gitaa lake ndilo lililoitenga Schizophrenia na vurugu za mwanzo. Toleo la 2024 hayumo. Mapigo aliyoyabuni yamepigwa na mtu mwingine. Rekodi mpya ikiwa ni haki ya Max na Igor, ya Kisser iko wapi? Hapo ndipo ningependa mnijibu.