Ulinganisho: jengo la familia katikati ya Dar liwe ukumbi wa bendi, baa ya DJ au ukumbi wa harusi?

MjukuuWaKisutu

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo, hasa ya waliowahi kuendesha kumbi au kukaa jirani nazo.

Familia ina jengo la zamani kati ya Kisutu na Mnazi Mmoja. Mbele kuna fremu mbili, nyuma ghala lenye dari refu ambalo enzi za babu lilijaa magunia. Mpangaji wa ghala kahama, na mtaa wenyewe umepoa. Tangu wizara zianze kuhamia Dodoma baada ya 2016, wateja wa mama ntilie wa pale mchana wamepungua. Jioni ndiyo usiseme: saa kumi na mbili mageti yanashuka, saa mbili unakutana na walinzi na paka. Na bado kituo cha mwendokasi kipo jirani, stesheni ya SGR haiko mbali. Watu wanapita ila hawasimami.

Mezani kuna mapendekezo matatu. Shangazi anataka ukumbi wa harusi. Kaka yangu anataka baa yenye DJ na skrini za mpira. Mimi nataka ukumbi wa muziki wa laivu wa watu 250 hivi, bendi siku maalumu kila wiki. Napenda dansi, kwa hiyo naweza kuwa najipendelea. Swali langu si lipi linalipa tu, ni lipi litauamsha mtaa. Nikifungua kwenye mtaa uliolala, nitalala nao.

Mama_Sherehe

Shangazi yako anajua hesabu, usimbeze. Ukumbi wa harusi unalipwa kabla. Kamati inaweka advansi, ikighairi hairudishiwi, na katikati ya wiki unapokea vikao na kitchen party. Bendi ikikosa watu Alhamisi hasara yote ni yako.

Ila kwa swali lako la mtaa, mimi ninayepamba kumbi nakwambia ukweli: harusi haiachi kitu nje. Mgeni anashuka kwenye gari mlangoni, anakula cha ndani, anakunywa cha kamati, saa sita ukumbi unazimwa taa. Muuza karanga wa nje anaambulia matarumbeta tu. Halafu watapaki wapi? Na Ramadhani na Kwaresima jengo linakaa kimya.

Tabata_Kwetu

Baa ya DJ ndiyo rahisi kuanzisha: spika, skrini, jiko la chips na nyama choma, basi. Tatizo ni kwamba baa hizo zimejaa Sinza, Kinondoni, Tabata na Mbezi. Mimi siwezi kutoka Tabata kwenda mjini kuangalia Simba na Yanga. Nitaangalia hapahapa na kandambili zangu. Mwambie kaka yako anitafutie sababu ya kupanda gari.

Mzee_wa_Sikinde

Kijana, hiyo sababu ya kupanda gari tulikuwa nayo. Mlimani Park, hao tuliowaita Sikinde, ilipoanza 1978 ilikuwa bendi ya baa, DDC, shirika la maendeleo la jiji, wakaichukua 1983, na watu tulikuwa hatuulizi "leo wanapiga wapi". Ilikuwa inajulikana. Siku fulani Sikinde wapo DDC Kariakoo, siku fulani wapinzani wao Msondo wapo Amana, Ilala. Ratiba ilikuwa kichwani kama kipindi cha redio. Ukikosa wiki hii, unajua wiki ijayo wapo palepale.

Kosa ninaloliona kwa kumbi za siku hizi ni kutangaza "tukio". Leo msanii mkubwa, watu wanajaa, kisha wiki tatu giza. Muuza mishikaki hawezi kuweka mkaa kwa kubahatisha. Mpe siku mbili za uhakika kila wiki, atajipanga mwenyewe bila wewe kumwita. Zamani hapo mjini sinema ndiyo iliyofanya kazi hiyo: Avalon, Empress, Odeon, Cameo. Filamu ikiisha mtaa mzima ulikuwa unakula. Kuna familia zilikuwa zinakuja kutembea tu, wala tiketi hazina.

Na bendi uipe mlango, wewe baki na vinywaji. Ndivyo ilivyokuwa. Bendi inayokula kiingilio itajitangaza yenyewe.

KenyattaAvenue_254

Salamu kutoka Nairobi. Sisi tulikuwa na Simmers, baa ya muziki wa bendi pembe ya Kenyatta Avenue na Muindi Mbingu. Hapakuwa na ujenzi wa maana, ni kama uwanja uliofunikwa katikati ya maofisi. Lakini mtu akitoka kazini anasikia lingala kutoka barabarani, anaingia "moja tu" akingoja foleni ya magari ipungue, na hiyo moja unajua huishia wapi. Nje teksi zimepanga foleni, wauza njugu na mayai wapo, askari wa kaunti nao wapo, wacha niishie hapo.

Ilibomolewa 2018 kwa sababu ya mambo ya ardhi. Kona ilinyamaza. Kwa hiyo swali langu kwako mwenye thread: hati ya hilo jengo iko sawa? Warithi ni wangapi? Ukumbi ukiupandisha thamani mtaa, binamu ambaye hajaonekana miaka yote atakumbuka kwamba ana sehemu yake.

Pia usiogope sana habari za serikali. Huku mwishoni mwa 2022 Gavana Sakaja alitangaza kwamba vilabu vya usiku vinyimwe leseni mitaa ya makazi, viwe katikati ya mji na maeneo yaliyotengwa. Kelele zilipigwa, lakini kwa mwenye jengo la mjini ilikuwa habari njema.

GhorofaYaTatu

Naona wote mnaongea kana kwamba mjini hakuna watu. Mimi naishi mjini, ghorofa ya tatu, juu ya duka. Mama yangu naye yupo, na watoto wanaamka saa kumi na moja kwenda shule. Mtaa wetu "haujalala", sisi ndio tumelala, na tuna haki hiyo. Msikiti upo hatua chache, na isha haina mapumziko ya Alhamisi.

Sipingi muziki. Mtaa ukiwa na watu saa tatu usiku, binti yangu anatoka dukani bila kusindikizwa. Giza la sasa silipendi. Ila ukumbi mmoja wa nyuma ya kwetu ulifungua bila kutuuliza, na kila Ijumaa vikombe vilikuwa vinatembea kabatini. Tuliandika barua, ukafungwa. Hakuna aliyeshinda.

MjukuuWaKisutu

Dada GhorofaYaTatu, nashukuru sana. Hili ndilo nililokuwa nalihofia. Warithi tuko saba, hati ipo, na mirathi ilishafungwa mahakamani. Nani anaweza kunisaidia kwenye hilo la vikombe kabatini?

BesiNzito

Nipo, mimi ni fundi mitambo. Vikombe vinatembezwa na besi, si sauti ya mwimbaji. Sauti nyembamba inazuiwa na ukuta wa kawaida. Besi inapita kwenye zege, kwenye nguzo, na zaidi ya yote kwenye paa. Ghala lako likiwa na mabati matupu, ni sawa na kupigia bendi uwanjani. Na mvua ikinyesha hutasikia solo.

Fanya hivi kabla ya kununua hata spika moja. Azima spika mbili za besi, zipige ndani usiku kwa sauti ya shoo, kisha wewe na huyo dada mpande ghorofa ya tatu mkasikilize chumbani kwa mama yake. Sizungumzii simu yenye programu ya kupima sauti. Namaanisha masikio, na glasi ya maji juu ya meza. Utajua palepale kama una ukumbi au una kesi.

Kama inavuja: dari la pili lililoning'inizwa lisigusane na paa, katikati ujaze pamba ya insulesheni. Milango miwili yenye kijichumba katikati, wa kwanza ufungwe ndipo wa pili ufunguliwe. Jukwaa lisikae moja kwa moja kwenye sakafu, liwekewe mipira chini. Ukuta wa zamani wa mawe na chokaa ni baraka, usiubomoe ili uweke vioo kama nilivyoona mahali. Na jenereta usiifunge uani upande wa vyumba vya watu. Wengi wanaziba muziki halafu wanashtakiwa kwa jenereta.

Kanuni za kelele za 2015 zina viwango vya usiku vilivyo chini ya vile vya mchana, na NEMC, wasimamizi wa mazingira, huja na vipimo. Bora ujipime kabla hawajaja.

BoksiNashville

Nipo Tennessee miaka mingi, niwape mfano wa huku. Mjini Nashville kuna Ryman, jengo lililojengwa kama kanisa 1892, mpaka leo watu wanakaa kwenye mabenchi. Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha muziki wa country, walipiga humo toka 1943 hadi 1974, wakahamia nje ya mji kwenye eneo jipya lenye parking kubwa. Mtaa wa chini yake, Broadway, ukabaki na maduka ya rehani na ya picha za ngono. Ryman ilikarabatiwa ikafunguliwa tena 1994, na mtaa ukarudi.

Lakini angalieni ulivyorudi. Mlango wa nyuma wa Ryman unatokea kwenye kichochoro, na ng'ambo ya kichochoro ni mlango wa nyuma wa baa inaitwa Tootsie's, iliyokuwepo tangu 1960. Wanamuziki walikuwa wanavuka tu. Ukumbi mkubwa ulileta watu, baa ndogo za bendi ndizo zilizowabakiza. Ukumbi peke yake, watu wanatoka shoo wanakwenda kwenye magari.

Sasa ubaya wake. Leo Broadway ni baa za ghorofa nne zenye majina ya mastaa, mabasi ya walevi, na wapiga ala wengi bado wanategemea ndoo ya kutunzwa. Duka la santuri la Ernest Tubb lililokuwa hapo tangu 1951 lilifungwa 2022. Mtaa ulioamshwa na muziki unaweza kuwafukuza wanamuziki kwa kodi. Ninyi ni wenye jengo, kwa hiyo uamuzi wa kodi ni wenu. Hizo fremu mbili za mbele msimpe mwenye dau kubwa. Mpeni anayefungua usiku.

Mvuga

Bwana, hapa Unguja tumejaribu njia nyengine. Tamasha la muziki la Sauti za Busara lipo kila Februari tangu 2004, Ngome Kongwe inajaa, hoteli zinajaa, Forodhani hapapitiki. Mambo mazuri, hatukatai. Lakini 2016 fedha hazikupatikana na tamasha halikufanyika, na ndipo tulipojua kuwa mwezi mmoja haulishi mji miezi kumi na miwili.

Kinachoweka Vuga hai kwa wakaazi ni jambo dogo zaidi: Culture, kikundi cha taarab tangu 1958, wana nyumba yao na jioni za mazoezi unapita njiani unasikia fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi. Hapana kiingilio dirishani. Na chuo cha muziki cha DCMA kilipofunguliwa 2002 katika jumba la forodha la zamani, kijana wa Malindi alipata pahala pa kujifunza ala kwa mwalimu. Hao ndio waliokuja kuzijaza bendi za mahotelini.

Kwa hivyo na wewe mchana usifunge. Mchana ghala liwe pa mazoezi na mafunzo, bei ndogo, hata iwe ya chai. Bendi inayofanya mazoezi kwako itapiga kwako.

Tabata_Kwetu

Hii ya mchana imenishika. Na Mama Sherehe je, Jumamosi mbili kwa mwezi za harusi zisilipie hizo Alhamisi?

Mama_Sherehe

Zinalipia, na ndivyo ningefanya mwaka wa kwanza. Ila jukwaa liwe la bendi, lisiondolewe kila wiki kupisha meza ya keki. Sisi wapambaji tutalizungushia vitambaa.

GhorofaYaTatu

Mimi nimekubali jaribio la glasi ya maji. Isiwe Alhamisi, iwe Jumatano. Na muziki wa laivu uishe saa nne na nusu siku za kazi, saa sita wikiendi. Tukiandikiana hilo mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, mimi mwenyewe nitazungumza na wenzangu wa ghorofani. Jimbo la Victoria kule Australia waliweka utaratibu 2014 kwamba anayekuja nyuma ndiye anayegharamia kuzuia sauti. Hapa mtaani, ndugu yangu, anayekuja nyuma ni wewe.

MjukuuWaKisutu

Nakubali, gharama ni zangu. Jumatano ijayo saa tatu usiku nitapiga hodi. BesiNzito, spika naazima kwako?

BesiNzito

Kwangu zipo, usafiri juu yako. Tuma kwanza picha ya paa kwa ndani, na upime urefu kutoka sakafu hadi kenchi.